Kidole cha Mkunga

Jua lilikuwa halijavuka minazi, na Semeni alikwisha kuipa Kigombe mgongo. Alishika njia ya ndani, ile inayopita katikati ya mistari ya mkonge, kwa sababu barabara kubwa ina macho. Mgongoni mtoto, kichwani kifurushi, miguuni hana kitu. Makubazi aliyaacha makusudi mlangoni pa mama mkwe wake, apitaye aseme mwali yumo ndani, bado amelala.

Mtoto alikuwa amefunikwa gubigubi kwa upindo wa kanga. Si kwa jua wala si kwa upepo. Ni kwa ajili ya kinywa. Asmahani alikuwa mtoto wa kucheka. Ukimwita tu, anafungua kinywa chote kama kinda la ndege. Na humo kinywani, kwenye ufizi wa juu, mlikuwa na meno mawili yaliyochongoka kama punje za mchele. Chini hamna kitu.

Mtu wa pwani ile haambiwi mara mbili maana yake. Mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni kigego, na kigego, kwa imani ya wazee, kila jino aongezalo hupunguza mtu mmoja wa ukoo wake. Zamani alirudishwa alikotoka mchana kweupe na mama yake akakatazwa kulia. Mdachi akaja akakataza. Mwingereza akaja akakataza zaidi, akasema atanyonga mtu. Basi watu wakajifunza kusema maneno mengine. Ikawa mtoto amepelekwa pwani kuoga, maji yakamchukua. Nani atayashitaki maji?

Mwenye kuamua alikuwa mmoja tu, mkunga aliyekata kitovu. Yeye ndiye mwenye haki ya kutia kidole chenye asali kinywani mwa mtoto na kupapasa. Akikuta jino la chini hupiga kigelegele, mtoto akavishwa ushanga mweupe, akahesabiwa mtu. Kabla ya hapo hata akifa hawekewi matanga. Pale Kigombe mkunga alikuwa Bi Kijakazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kiume, ambaye hata wanaume wenye ndevu walimwamkia kwa adabu, maana nao kidole chake kilikwisha kuwapitia. Ikisemwa kwamba kigego amemponyoka mkunga, balaa humwangukia yeye kwanza. Kwa hiyo Bi Kijakazi hakuwa na mchezo.

Jana yake Semeni alikuwa nyuma ya ua wa makuti akianika muhogo, akawasikia wale wawili kisimani, mkunga na Bi Mboni, mama wa mumewe.

"Mboni, mjukuu wako nitamwona lini? Mwali wako anamfunika kama maiti."

"Ana homa," Bi Mboni akajibu. "Kesho nitampeleka mwenyewe kuoga."

"Wapi?"

"Pwani. Wapi tena?"

Ndoo ikagonga ukingo wa kisima. Kisha Bi Kijakazi akasema polepole, "Haya shoga. Mungu akupe nguvu."

Semeni aliacha muhogo juani, akaingia ndani kukunja vitu vyake.

Sasa alitembea nusu mbio. Vidole vya Asmahani vilimshika shingoni, laini, kama vya mtu aliyevaa glavu. Havikuwahi kumparura. Siku ya arobaini, Bi Mboni, ambaye tangu uzazi ndiye aliyemwogesha mtoto, aliwatoa watu wote chumbani, akamnyoa mtoto nywele mwenyewe na kumkata kucha mwenyewe, akatoka naye kapakwa hina mikono na miguu. Watu wakasifu. Hina ilipofifia ndipo Semeni alipoona hapakuwa na kucha za kukatwa. Za mikononi zilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, zimebonyea katikati. Za miguuni hazikuwapo; ni nyama tupu kila kidole. Alinyamaza, akasema moyoni zitakuja. Sasa haya meno.

Alipotokea barabarani, upande wa pili wa Tongoni, alisimamisha lori lililobeba marobota ya katani kwenda bandarini. Dereva, Mdigo mwenye kofia iliyokula jasho, akamfungulia mlango wa mbele.

"Wa wapi, dada?"

"Naenda kwa mume wangu, Chumbageni."

"Na huyo mbona umemfunika hivyo? Kama mbuzi wa kuiba."

"Anaumwa."

"Anaumwa, na huku anacheka? Namsikia."

Kweli, chini ya kanga Asmahani alikuwa anacheka kwa mtikisiko wa gari. Semeni akamtia ziwa upesi. Dereva akacheka naye, akanyoosha mkono auvute ule upindo amwone. Semeni akaushika mkono wake hewani, akaukaza.

"Ndui," alisema.

Dereva akaurudisha mkono wake kwenye usukani, na mpaka Tanga hakusema neno jingine. Alimshusha mbali na nyumba, akaendesha huku anaupangusa ule mkono kwenye suruali.

Uweso alikuwa hamali wa gatini. Alipanga chumba cha uani Chumbageni, na chumba cha pili alikaa Bibiana, Mngoni aliyeletwa Tanga na mume manamba, kibarua wa mashamba ya mkonge. Mume alikwisha kwenda na mwingine, Bibiana akabaki na cherehani. Ndiye aliyempokea Semeni, akamshusha mtoto mgongoni kabla mama hajawahi kumzuia. Asmahani akamwona mtu mgeni, akacheka.

"Ee! Ana meno huyu!"

Semeni akakaa chini pale pale, machozi yakimtoka, akamweleza yote. Bibiana alisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi.

"Na hilo ndilo mnalililia? Kwetu mtoto akiota jino tunashukuru. Hatuulizi limetoka ghorofa gani."

"Kwenu si kwetu."

"Hilo naliona."

Uweso aliporudi alasiri, vumbi la katani limemjaa nyusi, hakumpokea mtoto. Alisimama mlangoni, akamtazama akicheka, uso ukamwiva.

"Nani mwingine ameona?"

"Mama yako. Amemwambia Kijakazi atampeleka kuoga."

Uweso akajiegemeza ukutani. Huyu alikuwa mtoto wa mwisho wa mama yake. Baba alikufa yeye hajaota ndevu, na hapakuwa na neno la mama alilowahi kulivuka. Bibiana ndiye aliyesema.

"Wako masista wa misheni. Wanapokea watoto. Pale hakuna atakayetia kidole kinywani mwake."

"Wakimpokea, mimi nitamwona lini?" Semeni akauliza.

"Kuna siku za kutazama."

"Na jina lake?"

Bibiana akainamisha kichwa. "Watambatiza."

"Basi nani amenisaidia hapo? Maji yatamchukua, au masista watamchukua. Mimi nitabaki na mbeleko."

"Atakuwa hai!" Uweso alipaza sauti. "Aitwe Maria, aitwe nani sijui, yu hai. Semeni, mimi siwezi kugombana na mama mbele ya mkunga. Nikigombana naye, kesho mtu wa kwetu yeyote akifa, hata wa uzee, wataniuliza mimi. Asubuhi nitamchukua nimpeleke. Nimesema."

Alisema, akaenda kukaa nje na hakuingia tena. Semeni alimlaza mtoto kifuani. Kisu cha kumenyea muhogo alikitia chini ya mto.

Asubuhi Uweso alikuwa anavaa kanzu ya kwendea misheni, hodi ikapigwa uani.

"Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya kiume, na haikuwa ya mwanamume.

Semeni alisukuma komeo la mlango. Akasikia Uweso akiwaamkia huko nje. "Shikamoo mama. Shikamoo Bi Kijakazi. Mmekuja kwa heri?"

"Kwa heri ya wapi, mkeo katoroka na mtoto asiyepapaswa?" Bi Kijakazi alisema. "Mimi nimekata kitovu kile kwa mkono huu. Leo nitamtia kidole changu kinywani, hata akiwa kwa gavana."

"Subiri Kijakazi," ikasikika sauti ya Bi Mboni, ya chini, yenye kubanwa kama kawaida yake, kwani hakuwa mtu wa kufumbua mdomo mbele za watu. Shavu lake halikukosa tambuu tangu asubuhi hata kulala. "Niache niingie kwanza mimi. Mwali ana hofu. Uweso, mwambie mkeo anifungulie."

"Semeni, fungua."

"Sifungui!"

"Ni mama yangu!"

"Na huyu ni mwanangu!"

Uweso hakubishana tena. Alitia bega, komeo la mti likang'oka na misumari yake, Bi Mboni akaingia na kuurudisha mlango nyuma yake. Akaubana kwa mgongo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyevaa soksi nyeusi za kiume ndani ya makubazi, jua au mvua. Watu walisema ana baridi ya miguu.

Semeni alikuwa pembeni, mtoto mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia.

"Weka kisu," Bi Mboni alinong'ona. "Ukinichoma mimi, atakayeingia ni yule."

"Utanizika nacho."

"Sina haja ya kukuzika. Tazama."

Akakaa juu ya mkeka pale pale mlangoni, mgongo ungali ubaoni, akavua makubazi, akavua soksi moja, akavua ya pili. Semeni alitazama na mkono wake ukaanza kushuka wenyewe. Miguu ile ya kizee haikuwa na kucha. Vidole vyote kumi vilikuwa vimeishia nyama tupu, mviringo, kama vya Asmahani. Bi Mboni akatema tambuu kiganjani, akavuta mdomo wa chini kwa kidole.

"Tia kidole."

"Mama..."

"Tia! Hujaona wenzio wanavyotia?"

Semeni akatia. Ufizi wa chini ulikuwa umenyooka tangu mwanzo hata mwisho, laini, kama ukingo wa bakuli.

"Si uzee," alisema Bi Mboni. "Hayakuwahi kuwamo. Mimi ni kigego, mwanangu. Mama yangu aliyaona ya juu kabla ya mkunga, akayang'oa kwa uzi. Mkunga alipokuja akakuta ufizi mtupu, akaenda zake. Baadaye likaja moja la chini, huku nyuma, ndipo wakanivisha ushanga. Nalo liling'oka zamani. Baba yake Uweso alikufa akidhani naona haya ya miguu."

"Kumbe ni damu yako!" Semeni alisema. "Ni yako, na ungeacha ukoo wangu usemwe!"

"Ungesemwa. Naam."

"Na pwani? Ulisema utampeleka kuoga!"

"Ningesema nini mbele ya Kijakazi? Kwamba nakwenda kung'oa? Nilitaka asubuhi nikuchukue wewe na yeye, twende chini kule kwenye miamba ambako hakuna mtu, tuyatoe, turudi. Kijakazi akuone umerudi na mtoto, ufizi mtupu, aseme Mboni alikosea. Nikaamka, nikakuta makubazi peke yake. Sasa umemtia wasiwasi. Hakutaka hata kunisikia, kapanda motokaa pamoja nami mpaka hapa."

Nje walimsikia Uweso akijitahidi. "Bi Kijakazi, kaa basi. Chukua kahawa."

"Sikuja kunywa kahawa ya bandari. Mboni! Unamsuka nywele humo?"

Bi Mboni alikuwa ametoa uzi kwenye upindo wa kanga, uzi wa nyavu, mweupe, umelowekwa chumvi ukakauka. Aliushika juu ya magoti yake. Semeni aliutazama ule uzi, akautazama mlango. Neno moja tu lingetosha. Angefungua, aseme, njooni mwone miguu ya huyu. Na Bi Kijakazi angeona, na jioni Kigombe nzima ingejua; halafu Uweso naye angekuwa nani? Mtoto wa kigego, mume wake mwenyewe, na Asmahani kigego wa kigego. Mwenye aibu angekuwa Bi Mboni, lakini mwenye kupelekwa kuoga angekuwa yule yule.

Na kama bibi huyu anamdanganya? Kama uzi huu si wa meno, ni wa shingo?

Akaweka kisu chini, lakini si mbali. Akakaa, akamlaza mtoto mapajani, kichwa kikimwelekea mkwewe.

"Nitamshika mimi," alisema. "Mkono wako ukishuka chini ya kidevu, nakuchoma."

"Haki yako."

La kwanza lilitoka upesi, hata mtoto mwenyewe alichelewa kulia. La pili lilikuwa na mizizi. Uzi uliteleza, ukakaza, ukateleza. Asmahani alitoa ukelele uliowatoa njiwa wa jirani darini. Bi Mboni alivuta tena, na jino likaja na damu yake.

Mlango ukagongwa kwa ngumi. "Mtoto anafanywa nini humo!"

"Anatogwa masikio!" Bi Mboni alijibu kwa sauti ambayo Semeni hakuijua. "Ungependa umshike wewe?"

Kisha wakatazamana. Neno limekwisha kutoka, na masikio ya mtoto hayana tundu. Bi Mboni alichomoa sindano kwenye kanga yake. Semeni akamnyang'anya. Akatoboa sikio la kulia, akatoboa la kushoto, akapitisha vipande vya ule ule uzi, mtoto akilia na yeye akilia. Damu ya mdomo akaifuta kwa kanga, akampa ziwa, anyonye, ajifute mwenyewe. Yale meno mawili Bi Mboni aliyatia pamoja na tambuu yake, akarudisha kinywani, akayameza meno, tambuu akaibakiza shavuni, kisha akajisogeza mbali na mlango.

Bi Mboni alikuwa anamalizia kuvuta soksi, Bi Kijakazi akaingia.

Mkunga alitazama mkeka, kanga yenye madoa, masikio mekundu, kisu. Hakuuliza kuhusu kisu. Akafungua kichupa cha asali, akachovya kidole cha shahada, akaketi.

"Mlete."

Semeni alimlaza mapajani pa mkunga, mwenyewe akabaki amepiga magoti. Kidole kikaingia. Kikapita chini polepole, kulia, kushoto, kikarudi. Kikapanda juu. Asmahani akaruka kama samaki. Kidole kikasimama mahali pamoja, kikapapasa tena pale pale, halafu kikatoka. Juu ya asali palikuwa na uzi mwembamba mwekundu.

"Damu," alisema Bi Kijakazi.

Akakiinua kidole hewani.

"Nasema hii damu. Ya nini?"

Semeni alifungua mdomo. Neno lililomjia lilikuwa kwamba mtoto amejiuma ulimi, na likafika ukingoni mwa meno yake, akalimeza. Mtoto asiye na meno atajiuma na nini?

"Ni makosa yangu," Bibiana alisema toka mlangoni, nyuma ya Uweso. "Nilimpa mua achezee, hata sikuumenya vizuri. Umemchoma."

Bi Kijakazi alimgeukia, akampandisha na kumshusha. "Mua? Mtoto mchanga?"

"Alikuwa analia."

"Nyinyi watu wa bara mtatumalizia watoto." Akageuka tena, akamtazama Bi Mboni muda mrefu, uso kwa uso, na Bi Mboni alikuwa anatafuna tambuu yake wala hakukwepa macho. Kidole kile kilikuwa bado kiko hewani. Nzi akaja juu ya asali. Mkunga akamfukuza, akakifuta kidole kwenye kanga ya Semeni.

"Ufizi mtupu," alisema. "Bado. Likitoka mnite."

Akajiinua kwa goti moja, akaomba maji ya kunawa. Alipofika mlangoni akasema bila kugeuka, "Masikio umetoga vibaya, shoga. Moja limepanda." Kisha akamwambia Uweso amletee ile kahawa.

Hayo yalitokea mwaka ule Malkia wa Uingereza alipovikwa taji.

Jino la chini la Asmahani lilitoka mwaka uliofuata, moja tu, la upande wa nyuma. Bi Kijakazi aliitwa, akapapasa, akapiga kigelegele, akafunga ushanga. Alikufa miaka michache baadaye, na hakuna aliyemsikia akisema lolote juu ya siku ile, si kwa kusifu wala kwa kulaumu.

Semeni hakurudi kukaa Kigombe. Alizaa watoto wengine wawili hapo hapo Chumbageni. Mmoja alikuwa na kucha kama watu, mmoja hakuwa nazo. Lakini hao walizaliwa hospitali na hapakuwa na mkunga wa kuwapapasa. Hakupatana sana na mkwewe, ila kila Idi alimpelekea doti ya kanga. Bi Mboni alifia kitandani mwake. Waliomkosha kwa mazishi waliona miguu yake, na kama ilivyo sheria ya wakoshaji, walinyamaza. Uweso alivunjika kiuno gatini kwa robota la katani, akaishi kwa kuuza kahawa. Hakuambiwa kilichofanyika chumbani mpaka mama yake alipozikwa. Alipoambiwa aliuliza tu yale meno yako wapi. Bibiana alihamia Muheza, akaolewa na fundi seremala, hawakuonana naye tena.

Asmahani alikua, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa mtaa wa Mabawa. Meno ya ukubwani yalimtoka machache, membamba, yameachana. Alipofika umri wa makamo alitengenezewa ya bandia na fundi wa Kihindi, akawa anayavaa kwenye harusi na kuyavua wakati wa kula.